Mwongozo kamili: kulinda mandhari ya milima kwa mpango wa pamoja wa matumizi ya ardhi

Genge la Irente, juu ya mji wa Lushoto mkoani Tanga, linatazama tambarare ya Mazinde na mashamba yake ya mkonge. Siku isiyo na ukungu macho hufika mbali ndani ya nyika ya Wamaasai. Ukiufuata ukingo wa Usambara Magharibi kuelekea kaskazini unafika Mtae, kijiji kilichokaa kwenye mgongo mwembamba wa mlima, Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi ikiwa chini yake. Mahali kama hapa ni nadra kuharibiwa na hoteli moja kubwa, kwa sababu hoteli kubwa hupigiwa kelele mapema. Huharibiwa na viwanja vya ishirini kwa ishirini, kimoja baada ya kingine. Dalali anazungusha picha kwenye simu, na kila muuzaji ana sababu yake ya haki: ada ya shule, matibabu, deni. Hakuna aliyekaa akaamua kuujenga ukingo mzima, na hakuna kikao kilichoulizwa.

Kinga iliyopo ni kuamua mapema, kwa ukingo mzima, nini kijengwe wapi, na kuandika uamuzi huo mahali ambapo sheria inautambua. Mwongozo huu ni wa wanakijiji, wajumbe wa halmashauri za vijiji, madiwani na vikundi vya mazingira. Unafuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina zake. Mifano mingi ni ya Usambara, lakini utaratibu ni uleule ukiwa Uluguru, Matengo au ukingo wa Bonde la Ufa.

1. Jua umesimama kwenye ardhi ya aina gani

Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zote za 1999, zinaigawa ardhi makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Kwenye mlima mmoja utayakuta yote. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia, uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mashamba ya viazi na kabeji yanayoupakana ni ardhi ya vijiji. Eneo la mji linaongozwa na Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Mashamba makubwa ya tambarare yana hati za muda mrefu.

Hili lina maana kubwa kivitendo. Kwenye ardhi ya kijiji, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, na haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, yaani wakazi wote waliofikisha miaka 18. Kwenye ardhi ya jumla mkutano wenu hauna kura hiyo. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mwenyekiti au kumwandikia waziri, kaeni na mtendaji wa kijiji na afisa ardhi wa wilaya, mpite eneo kwa eneo mkiandika lipo kundi gani na nani anatoa kibali.

Angalieni pia kama kijiji kina cheti cha ardhi ya kijiji na kama mawe ya mpaka bado yapo. Bila cheti, mpango wenu utajengwa juu ya ugomvi wa mpaka, na jirani anayedai korongo lile ni lake ataukwamisha wote.

Kuna kinga mbili ambazo tayari ziko kwenye vitabu na watu wengi hawazitumii. Ya kwanza ni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kinachozuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Ya pili ni kundi la ardhi hatarishi katika sheria za ardhi za 1999, ambalo linagusa ardhi oevu, mikoko na miteremko mikali. Vyote viwili viwe kwenye ramani yenu tangu mwanzo. Kuna makorongo ambayo yatalindwa kwa hayo tu, bila mjadala mrefu.

2. Chora kinachoonekana kabla ya kuchora mipaka

Mipango mingi ya vijiji huanza na mipaka ya kijiji ikaishia humo. Kwa mandhari hilo ni kosa. Anayesimama Irente hatazami ardhi ya kijiji kimoja. Anatazama mteremko wa kijiji cha pili, tambarare ya kijiji cha tatu na shamba la kampuni. Na aliye kwenye basi barabara ya Mombo kwenda Same anautazama ukingo kutoka chini. Nyumba moja yenye bati linalong'aa pale juu anaiona kilomita nyingi kabla hajafika.

Kwa hiyo anzeni kwa kuorodhesha sehemu za kutazamia. Zisiwe nyingi: zile ambazo watu huzitumia kweli, pamoja na barabara kuu inayopita chini. Kila sehemu pigeni picha za mfululizo kutoka kushoto kwenda kulia, asubuhi na jioni, kiangazi na masika, na kila picha iandikwe mahali ilipopigiwa kwa kutumia GPS ya simu. Kisha chukueni ramani za 1:50,000 za idara ya upimaji na ramani na mtie rangi kila sehemu inayoonekana. Mwombeni mpima wa wilaya awasaidie kwenye kompyuta. Programu za bure kama QGIS zinaweza kukokotoa maeneo yanayoonekana kutoka sehemu fulani. Lakini picha ndizo zitakazowasemea mbele ya baraza la madiwani, na miaka mitano baadaye ndizo ushahidi wa hali ilivyokuwa.

Juu ya ramani hiyohiyo wekeni chemchemi, mito, miteremko iliyowahi kuporomoka, makaburi, misitu ya matambiko, njia za mifugo na vyanzo vya mifereji. Usambara maji na mandhari ni jambo moja: msitu unaopendeza machoni ndio unaolisha mito inayokwenda Bonde la Pangani. Mzee asiyejali watalii atajali mfereji wake, na kura yake mnaihitaji.

Mbinu hii ya sehemu za kutazamia ina historia ndefu kwenye korongo la mto Columbia huko Marekani. Sheria ya mwaka 1986 ililiweka korongo hilo lenye urefu wa kilomita 130 hivi chini ya mpango mmoja, ingawa limegawanyika kati ya majimbo ya Oregon na Washington. Mji unaweza kukua ndani ya mipaka yake iliyochorwa. Nje ya hapo, nyumba mpya inayoonekana kutoka sehemu zilizotajwa lazima imezwe na mazingira: rangi iliyokolea ya udongo au majani, vifaa visivyoakisi jua, na paa lisivuke mstari wa mlima kwenye anga. Tunaloweza kuchukua kwao ni swali wanalomuuliza mjenzi: jengo lako litaonekanaje ukisimama pale? Hilo ni swali ambalo mtu yeyote mwenye macho anaweza kulijibu bila kuwa mhandisi.

3. Kaeni na vijiji jirani mapema

Ukingo ukilindwa na kijiji kimoja, dalali huhamia cha pili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaruhusu vijiji viwili au zaidi kuingia makubaliano ya matumizi ya pamoja ya ardhi, na hapa ndipo mpango unapopata ukubwa wa mandhari yenyewe. Wilayani Kiteto, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha nyanda zao za malisho kwa njia hii, wakaziita OLENGAPA kwa kuunga majina yao. Wao walilinda malisho, lakini chombo ni kilekile: kila kijiji kinabaki na mamlaka yake, na sehemu ya pamoja inakuwa na kamati moja na masharti yaleyale.

Anzeni na vijiji vitatu au vinne vinavyopakana. Kukusanya kumi na tano mara moja ni kutafuta vikao visivyofikia akidi. Kila kijiji kitoe wajumbe wachache, na wanawake wawemo kwa idadi ya maana, kwa kuwa ndio wanaokata majani na kuteka maji kwenye miteremko hiyo. Swali gumu liulizwe siku ya kwanza: nani anapoteza? Kijiji kilicho ukingoni kitaambiwa kisijenge, cha nyuma yake kitapata wageni. Kama hakuna namna ya kugawana mapato, makubaliano hayatavuka mwaka wa kwanza.

Walio Kenya wana njia nyingine, mipango ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2019, ila funzo la kuchelewa wanalo jirani na Nairobi. Kitengela, kusini mwa mbuga ya Nairobi, ranchi ya kikundi iligawanywa kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980. Mipango ya kulinda njia za wanyama na hata malipo kwa wasioweka uzio vilifuata baadaye, wakati hati zilikwisha kutoka na uzio unapanda. Kupanga ardhi yenye mamia ya wenye hati ni kubembeleza mmoja mmoja.

4. Ingieni kwenye utaratibu wa wilaya

Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaifanya halmashauri ya kijiji kuwa mamlaka ya upangaji, na Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi imetoa mwongozo wa hatua sita: maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi kijijini, uchoraji wa matumizi yaliyopo, upangaji wenyewe, usimamizi wa ardhi pamoja na hati, na mwisho mipango ya kina ya maeneo.

Andikeni barua kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri ya wilaya, mkiambatisha muhtasari wa mkutano mkuu unaoomba mpango. Wilaya ina timu ya wataalamu wa ardhi, misitu, kilimo, mifugo, maji na maendeleo ya jamii. Kijiji kinachagua kamati yake ya usimamizi wa matumizi ya ardhi. Mtaambiwa hakuna fedha, na mara nyingi ni kweli. Nchi ina vijiji zaidi ya 12,000 na vingi bado havina mpango. Ingizeni ombi kwenye bajeti kupitia diwani, na wakati huohuo tafuteni mradi wa misitu au maji unaofanya kazi katika bonde lenu. Mfadhili akija asije na ramani iliyokwisha kuchorwa. Hatua ya pili na ya tatu ni zenu, na picha mlizopiga zitawaokolea siku nyingi za kazi.

5. Andikeni masharti, siyo rangi tu

Hapa ndipo mipango mingi inapofia. Ramani inapakwa kijani, manjano na zambarau, inatundikwa ofisini, na eneo la ukingo linaandikwa "utalii". Neno hilo moja ni mlango wazi, maana hoteli ya ghorofa nne nayo ni utalii. Kila kanda iandikiwe kinachoruhusiwa, kinachohitaji kibali na kilichokatazwa, kwa vipimo.

Kwa ukingo kama wa Usambara ningegawa hivi. Kanda ya kwanza ni mstari wa genge lenyewe, usiojengwa kabisa isipokuwa njia ya miguu, uzio wa usalama na benchi. Upana wake upimwe na mtu anayejua miamba. Sehemu nyingine mita 30 zinatosha, sehemu nyingine ardhi imepasuka na mita 100 ni chache. Nyuma yake, katika kanda ya pili, mashamba yaliyopo yabaki mashamba, yenye makingamaji na miti, na mkulima aruhusiwe kukarabati nyumba yake na kumjengea mtoto wake. Makazi mapya na nyumba za wageni zisogezwe nyuma ya mgongo wa mlima, karibu na barabara na maji yaliyopo. Mgeni atatembea dakika kumi kwenda kutazama jua likizama. Hajawahi kufa mtu kwa hilo.

Masharti ya ujenzi yawe machache na yanayoweza kukaguliwa kwa macho. Mfano wa maneno ya sheria ndogo:

"Ndani ya Kanda ya Pili, jengo lolote jipya halitazidi ghorofa moja, paa lake halitavuka mstari wa mlima likitazamwa kutoka sehemu za kutazamia zilizotajwa katika Jedwali la Kwanza, na litaezekwa kwa bati la kijani au kahawia iliyokolea lisiloakisi mwanga, vigae au nyasi. Taa za nje zitaelekezwa chini. Mti wa asili hautakatwa ndani ya mita kumi za jengo bila kibali cha maandishi cha kamati."

Sharti la bati linachekesha watu mwanzoni, lakini kwa gharama na matokeo hakuna linaloshinda. Bati la rangi linabadilisha ukingo mzima kuliko vipeperushi vyote vya mazingira. Msiwalazimishe wazee wabadilishe mapaa ya zamani. Liwe kwa majengo mapya na ukarabati mkubwa tu, vinginevyo mtapoteza mkutano kwa sababu ya mabati ya bibi mmoja.

Barabara iandikiwe sharti lake peke yake. Kwenye miteremko, barabara iliyochongwa kwa tingatinga bila mifereji huleta maporomoko, na kila barabara mpya huzaa viwanja pande zote mbili. Semeni wazi: hakuna barabara mpya ya gari katika kanda ya kwanza na ya pili bila idhini ya mkutano mkuu. Vivyo hivyo majitaka: shimo la choo la loji juu ya chemchemi ni suala la afya kabla halijawa la uzuri.

6. Fedha na haki za wenye ardhi

Mpango unaokataza tu hauishi. Mwenye robo eka ukingoni ameambiwa asiuze kwa mjenzi. Jirani yake wa nyuma anauza. Anastahili kitu, na kisiwe ahadi.

Cha kwanza ni hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake, yenye sharti la matumizi limeandikwa humo. Hati inampa usalama na masharti yanamfuata yeyote atakayenunua. Kwa eneo la pamoja, hati inaweza kutolewa kwa kundi. Mwaka 2011 Wahadzabe wa Bonde la Yaeda, Mbulu, walipata hati ya namna hiyo kwa ardhi yao, na baadaye msitu wa ardhi hiyo ukaanza kuwaletea fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kuutunza msitu usikatwe.

Cha pili ni mapato ya mlango. Sehemu ya kutazamia iliyo kwenye ardhi ya kijiji itozwe ada kwa stakabadhi ya kijiji, na mgawo uandikwe kwenye makubaliano ya pamoja: kiasi gani kwa wenye mashamba ya ukingoni, kiasi gani kwa njia na usafi, kiasi gani kwa kila kijiji. Mapato yasomwe mkutano mkuu, ambao kisheria hukaa kila miezi mitatu.

Mwekezaji akija, mwulizeni kwanza anataka ardhi kwa njia gani. Raia wa kigeni hawezi kumiliki ardhi ya kijiji. Kwa kawaida huombwa ardhi ihamishwe kuwa ya jumla, kisha apate haki kupitia mamlaka ya uwekezaji. Uhamisho wa eneo lisilofika hekta 250 unahitaji idhini ya mkutano mkuu wenu. Zaidi ya hapo uamuzi ni wa waziri, akizingatia maoni yenu. Ikishakuwa ya jumla hairudi kijijini yenyewe mkataba ukiisha, na mpango wenu hauna nguvu tena juu yake. Kwa hiyo pendekezeni ubia ambao ardhi inabaki ya kijiji. Akikataa kabisa kuongea hilo, hiyo nayo ni taarifa.

7. Pitisheni na kusajili

Rasimu ya ramani na masharti ibandikwe mahali pa wazi, shuleni au zahanati, wiki kadhaa kabla ya mkutano mkuu. Soma masharti kwa sauti, moja moja, kwa lugha inayoeleweka. Lushoto hiyo ina maana ya Kisambaa pia. Muhtasari uwe na akidi, majina na saini, kwa sababu mwanasheria wa mjenzi ataanza kwa kuuliza akidi.

Kisha mpango unakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa, na nakala kwa Tume. Sheria ndogo ni karatasi tofauti: nazo zipite mkutano mkuu na ziidhinishwe na baraza la madiwani chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Vijiji vingi hupitisha ramani na kusahau sheria ndogo. Ramani bila sheria ndogo haiwezi kumtoza mtu faini hata ya shilingi mia.

Kama mji uko karibu, shughulikieni hili sasa. Siku eneo lenu litakapotangazwa kuwa eneo la mipango miji, mpango kabambe wa mji ndio utakaotawala. Hakikisheni mstari wa genge na sehemu za kutazamia zimeingizwa humo, na mhudhurie vikao vya maoni.

8. Tingatinga likifika

Kamati iwe na daftari la maombi yote ya ujenzi na uuzaji, na watu wawili wanaozunguka ukingoni kila mwezi na picha za awali mkononi. Ujenzi ukianza bila kibali, siku hiyohiyo pigeni picha, andikeni majina ya mashahidi, na mtendaji atoe notisi ya kusimamisha kwa maandishi akitaja kifungu cha sheria ndogo. Nakala kwa Mkurugenzi Mtendaji, afisa mazingira wa wilaya na mkuu wa wilaya.

Ikiwa mradi unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira, kama zilivyo hoteli kubwa za kitalii, ombeni cheti cha tathmini hiyo kionyeshwe na muulize mkutano wa wadau ulifanyika lini na nani alisaini. Cheti kikikosekana, malalamiko yaende ofisi ya kanda ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kilichoharibiwa kando ya mto kipelekwe pia kwa bodi ya maji ya bonde.

Ugomvi wa ardhi kati ya wanakijiji uanzie baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, wasiopungua watatu wakiwa wanawake. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, suala hupanda ngazi hadi baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Huko kinachotazamwa ni karatasi, kwa hiyo mpango, sheria ndogo, mihtasari na picha viwe na nakala tatu: ofisi ya kijiji, wilayani, na kwa mtu mmoja wa kamati ambaye si mwenyekiti wala mtendaji. Uongozi wa kijiji hubadilika kila baada ya miaka mitano, na mafaili yana tabia ya kuondoka na waliokuwa nayo.